Koili za kupimia mkondo katika paneli ya umeme wa nchi kavu: ipi ifungwe kwenye boti, na ifungwe wapi

Mwenye boti anayetaka kujua chombo chake kinavuta umeme kiasi gani kikiwa kimeunganishwa gatini hukutana na koili za aina nne au tano zinazofanana kwa sura: zote zina tundu katikati la kupitishia waya, zote zina nyaya mbili nyembamba zinazotoka ubavuni, na karibu zote zimeandikwa ampea nyingi kuliko boti yake itakavyowahi kuvuta. Kufanana huko ndiko kunakomponza mnunuzi, kwa sababu koili mbili zenye umbo moja zinaweza kutoa ishara tofauti kabisa, na mita iliyotengenezewa moja ikafungiwa nyingine itaonyesha namba ya uongo bila kulalamika. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya anayechagua, kwa hiyo hautazipa koili zote nafasi sawa. Zipo ambazo hazistahili kuingia katika paneli ya boti, na nitazitaja.

Boti ninayoichukua kuwa mfano ni ile ya kawaida katika marina za Ulaya, inayopokea volti 230 kwa plagi ya buluu ya pini tatu na kulindwa na breka ya ampea 16, yaani isiyoweza kuvuta zaidi ya kilowati 3.68. Ikifika pwani ya Afrika Mashariki haihitaji marekebisho makubwa, kwa kuwa umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni volti 240, wote wa hezi 50. Ndani yake mna chaja ya betri, kipasha maji, birika, pengine kiyoyozi kidogo, na inveta inayogeuza umeme wa betri kuwa mkondo geu. Boti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina mpangilio mwingine wa nyaya, nazo nimeziwekea sehemu yake.

Unataka ampea au unataka wati?

Swali hili hutangulia uchaguzi wa koili yenyewe. Anayetaka tu breka ya gatini isikatike usiku wa manane anahitaji kipimo cha ampea, kwa sababu breka haijui wati, inajua mkondo. Kwake koili moja na kioo kinachoonyesha ampea vinatosha. Anayelipa umeme kwa uniti, au anayetaka kujua kipasha maji kinakula kiasi gani kwa siku, anahitaji wati na kilowati-saa, na hizo hazipatikani kwa koili peke yake. Ni lazima mita ipime na volti kwa wakati huo huo.

Tofauti baina ya njia hizi mbili si ndogo. Chaja ya zamani isiyo na kirekebishi cha kipengele cha nguvu, yaani uwiano wa wati halisi kwa zao la ampea na volti, inaweza kufanya kazi kwa kipengele cha takriban 0.65. Ikivuta ampea 10 kwa volti 230, mtu anayezidisha ampea kwa volti atapata 2,300, ilhali nguvu halisi inayotumika ni wati 1,495 tu. Kipasha maji na birika havina tatizo hilo, kwa kuwa kipengele chao ni 1. Ndiyo maana mita zinazokisia wati kwa kuchukulia kwamba volti ni 230 daima na kipengele ni 1 huonekana sahihi mzigo ukiwa birika, kisha zikapotea chaja inapowaka. Ushauri wangu ni kutonunua mita ya kukisia wati kwa ajili ya boti hata kama bei yake inavutia, maana boti ni mahali ambapo chaja ndiyo mzigo unaokaa muda mrefu kuliko yote.

Pete nzima na pete ya kufunguka

Koili nyingi zitumikazo hapa ni transfoma za mkondo. Waya wa laivu unaopita tunduni huhesabiwa kuwa mzunguko mmoja wa upande wa kwanza, na waya mwembamba uliozungushwa mara elfu moja, elfu mbili au zaidi kwenye kiini huwa upande wa pili. Koili ya mizunguko 2,000 inageuza ampea 100 kuwa miliampea 50. Hakuna mguso wowote kati ya pande mbili hizo, na kutengana huko ndiyo sifa kubwa inayoifanya koili ifae zaidi kuliko vipimo vinavyolazimu kukata waya na kuupitisha ndani ya kifaa.

Koili ya pete nzima ina kiini kisicho na mkato. Sumaku huzunguka ndani yake bila kukutana na nafasi ya hewa, kwa hiyo hupima vizuri hata mkondo mdogo, na kosa lake la pembe, yaani kuchelewa au kutangulia kwa ishara dhidi ya mkondo wenyewe, huwa dogo. Ubaya wake ni mmoja na ni wa kazi ya mikono: ni lazima ncha ya waya ifunguliwe kwenye tamino, ipitishwe tunduni, kisha irudishwe na kukazwa. Katika paneli mpya hiyo si kazi. Katika paneli ya miaka ishirini, yenye nyaya fupi zilizokakamaa na skrubu zilizoshikwa na chumvi, inaweza kuwa kazi ya asubuhi nzima.

Koili ya kufunguka hukatwa kiini chake vipande viwili na kuungwa kwa bawaba na kifungo cha plastiki. Unaifungua, unauzungushia waya bila kuugusa mwisho wake, unaibana hadi isikike ikilia. Kwa boti iliyokwisha kufungwa nyaya, urahisi huu hauna mpinzani. Lakini sehemu mbili za kiini zinapokutana ndipo palipo na udhaifu wake, na baharini udhaifu huo hukua. Ukiifungua koili iliyokaa misimu miwili katika paneli iliyo karibu na shimo la injini, mara nyingi utaona juu ya nyuso za kiini, ambazo zilikuwa laini na zenye kung'aa kama kioo, utando wa kijivu wa chumvi na vumbi, na pembeni yake unyuzi wa plastiki uliotoka kwenye bawaba inayoanza kukatika. Unene wa utando huo hauonekani kwa kupapasa, ila unatosha kuzuia nyuso zisigusane sawasawa, na koili huanza kusoma pungufu. Kiini cha feraiti hakishiki kutu; kiini cha bati za chuma cha silikoni hushika, na kikishashika hakirudi. Anayechagua koili ya kufunguka kwa ajili ya boti achague ya feraiti, afute nyuso zake kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi kabla ya kubana, na asipake grisi ya aina yoyote baina yake, kwani grisi nayo ni nafasi.

Kosa la pembe linahitaji kuelezwa kwa hesabu, kwa kuwa ndilo linalosahaulika. Tuseme koili ina kosa la digrii 3, jambo lisilo la ajabu kwa koili ya bei nafuu inayopima mkondo mdogo. Kwa birika, kosa hilo linaathiri wati kwa chini ya asilimia 0.2, yaani si kitu. Kwa mota ya kiyoyozi inayofanya kazi kwa kipengele cha nguvu cha 0.5, digrii hizo hizo 3 zinaleta kosa la takriban asilimia 9. Kwa hiyo anayetaka ampea pekee anaweza kuridhika na koili ya kufunguka bila wasiwasi, ilhali anayetaka wati sahihi za mizigo ya mota anafaidika kweli na pete nzima. Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu: paneli mpya au inayofumuliwa upya ifungwe pete nzima, paneli isiyofumuliwa ifungwe ya kufunguka.

Koili inayotoa miliampea na inayotoa volti

Hapa ndipo wengi wanapokosea katika kununua, na mfano mzuri ni familia ya SCT-013, koili za kufunguka za feraiti zenye tundu la milimita 13 zinazopatikana karibu kila mahali. SCT-013-000 inatoa miliampea 50 kwa ampea 100 na haina ndani yake rezista ya mzigo, ile inayougeuza mkondo wa koili kuwa volti. SCT-013-030 inatoa volti 1 kwa ampea 30, na rezista imo ndani. Kwa nje ni ganda lile lile na plagi ile ile ya kama ya spika za masikioni. Tofauti iko katika maandishi madogo ubavuni.

Koili ya miliampea ni lazima iwe imefungiwa mita au rezista yake wakati wote ambapo mkondo unapita. Ikiachwa wazi, upande wa pili hujaribu kuusukuma mkondo wake kwenye njia isiyokuwapo, volti hupanda hadi kiwango cha hatari, na kiini kinaweza kuharibika. Baadhi ya koili, ikiwamo SCT-013-000, zimewekewa ndani kinga ya kuizuia volti hiyo isipande, lakini mtu asiizoee kinga asiyoiona. Kanuni ya kazi ni kwamba upande wa pili huungwa kwanza, waya wa laivu ndipo ubanwe. Na wakati wa kuondoa, mpangilio hugeuzwa. Koili ya volti haina hatari hiyo, kwa sababu rezista imekwisha kuufunga mzunguko ndani ya ganda.

Kwa upande mwingine, koili ya miliampea huvumilia waya mrefu. Mita kumi za waya wa pea wa milimita mraba 0.75, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa karibu nusu ya omu. Mbele ya rezista ya omu 22 iliyowekwa upande wa mita hilo halibadilishi chochote, kwani mkondo ni ule ule kote. Ishara ya volti 1 ikipitishwa umbali huo huo karibu na kebo ya inveta hubeba kelele, hasa mkondo unapokuwa mdogo na ishara ikashuka hadi milivolti chache. Basi kama kioo cha kusomea kiko kwenye meza ya ramani na paneli iko nyuma kabisa, miliampea inashinda. Kama mita iko ndani ya paneli hiyo hiyo, sentimita 30 kutoka kwenye koili, volti inashinda kwa usalama wake.

Anayejitengenezea kipimo kwa ubao mdogo wa kompyuta atajichagulia rezista. Kwa ubao wa volti 3.3, omu 22 kwa koili ya miliampea 50 zinatoa volti 1.1, ambazo kilele chake ni takriban 1.56, nayo inakaa chini ya nusu ya 3.3. Kwa ubao wa volti 5, omu 33 zinatoa kilele cha 2.33. Koili yenye rezista ndani ikiongezewa rezista nyingine nje, kama nilivyowahi kukuta katika boti moja, itasoma pungufu siku zote na mwenye boti ataamini kwamba umeme wake ni nafuu.

Ukubwa wa koili dhidi ya ukubwa wa breka

Ampea 100 zilizoandikwa kwenye koili huonekana kuwa akiba ya usalama. Kwa boti ya ampea 16 ni hasara. Ikiwa chaja imeshuka hadi ampea 0.5 baada ya betri kujaa, koili ya ampea 100 inafanya kazi kwa nusu ya asilimia moja ya uwezo wake, mahali ambapo makosa yote mawili, la kiasi na la pembe, ndipo yanapokuwa makubwa. Koili ya ampea 30 inafaa zaidi boti hiyo, na ya ampea 50 inafaa boti ya breka ya 32.

Aliye na koili kubwa tayari hana haja ya kuitupa. Waya wa laivu ukipitishwa tunduni mara tano, koili ya ampea 100 huona ampea 80 wakati boti inavuta 16, na namba inayosomeka hugawanywa kwa tano. Mizunguko huhesabiwa kwa idadi ya mara waya unapopita ndani ya tundu, si kwa vitanzi vinavyoonekana nje. Waya wa milimita mraba 2.5, laini wa nyuzi nyingi, unaingia mara tano katika tundu la milimita 13 bila kulazimishwa. Waya mnene wa ampea 50 unaingia mara moja tu, kwa hiyo ujanja huu ni wa boti ndogo. Mita isiyokuwa na sehemu ya kuingizia kigawanyo haifai kwa njia hii, isipokuwa kwa mtu aliye tayari kugawanya kichwani kila anapoisoma.

Zilizobaki

Koili ya Rogowski, ile ya mkanda unaopindika na usio na kiini cha chuma, haishibi sumaku hata kwa maelfu ya ampea, na huachwa wazi bila hatari. Lakini ishara yake ni ndogo sana kwa mikondo ya boti, inahitaji sakiti ya kuijumlisha, na namba yake hubadilika waya ukisogea ndani ya mkanda. Ni chombo kizuri cha kiwandani. Katika paneli ya ampea 16 ni anasa isiyo na faida.

Vipimo vya Hall, vinavyohisi sumaku ya mkondo, hupima mkondo mnyoofu na mkondo geu, ila vinataka umeme wao wenyewe na sifuri yao huhama kwa joto. Vile vya kubana vina kazi yake upande wa betri. Vile vya ubao mdogo wenye chipu ya ACS712, ambavyo hulazimu waya wa laivu ukatwe na kuingizwa kwenye tamino ndogo za ubao, sivikubali kabisa katika paneli ya volti 230 iliyo baharini: tamino ziko wazi, umbali kati ya njia za umeme mkubwa na za umeme mdogo ni finyu, na unyevu wenye chumvi haujali kilichoandikwa kwenye karatasi ya chipu. Shanti, yaani kipande cha ukinzani mdogo ambacho mkondo hupita ndani yake, ni ya betri, nayo haitenganishi chochote, kwa hiyo isiwekwe katika umeme wa nchi kavu.

Mita tatu, kwa boti tatu

PZEM-004T ndiyo nafuu kuliko zote. Hupima volti kuanzia 80 hadi 260, ampea hadi 100 kwa koili yake, na hutoa wati, kilowati-saa, masafa na kipengele cha nguvu kupitia njia ya data iliyotenganishwa kwa mwanga na upande wa umeme mkubwa. Huuzwa ikiwa na pete nzima au ya kufunguka, na mnunuzi wa paneli mpya achague pete nzima. Kasoro yake ni kwamba ni ubao ulio uchi: upande mmoja una volti 230 zilizo wazi kwa kidole, kwa hiyo isifungwe bila boksi lake. Pia haionyeshi mwelekeo wa nguvu, jambo ambalo kwa boti nyingi halina uzito.

Shelly EM ina njia mbili za koili na huuzwa na klampu za ampea 50 au 120. Imefungwa ndani ya ganda, hupeleka vipimo kwa Wi-Fi, na ina rilei ndogo ya kuamuru kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme, kwa hiyo kipasha maji kinaweza kuzimwa chenyewe ampea zinapopanda. Kwa boti ya mfano wetu, yenye mtandao wake ndani, ndiyo ninayoiweka mbele, pamoja na klampu za 50. Klampu zake zisibadilishwe na za kampuni nyingine eti kwa sababu plagi inaingia.

Boti iliyokwisha kuwa na vifaa vya Victron ina hesabu nyingine. Inveta-chaja ya MultiPlus-II hupima yenyewe mkondo unaoingia na kuuzuia usipite kiwango kilichowekwa, na ina tundu la koili ya nje ya ampea 100 kwa miliampea 50 ikihitajika. Kumwongezea mwenye boti hiyo mita ya Wi-Fi ni kumpa namba mbili zinazopingana kidogo kila siku. Asipotosheka na kipimo cha ndani, mita ya ET112, ambayo haina koili bali waya hupita ndani yake hadi ampea 100, inaungana na mfumo ule ule na kuonekana kwenye kioo kile kile. Bei ni kubwa zaidi, na inafaa tu kwa aliyekwisha kuingia katika mfumo huo.

Mahali pa kuibana

Koili nzuri mahali pasipofaa ni mbaya kuliko koili duni mahali panapofaa. Paneli ya boti, tofauti na ya nyumba, ina vyanzo zaidi ya kimoja: nchi kavu, jenereta na inveta, vyote vikikutana kwenye swichi ya chenjiova. Koili ikibanwa kati ya breka kuu ya nchi kavu na chenjiova, inasoma nchi kavu pekee. Ikibanwa baada ya chenjiova, inasoma matumizi ya boti bila kujali chanzo. Vipimo hivi viwili hulingana siku ambazo inveta imelala, na hutengana mara inveta-chaja inapoanza kusaidiana na gati. Boti ikivuta ampea 20 ilhali gati limewekewa kikomo cha 10, koili ya kwanza itaonyesha 10 na ya pili 20, na zote mbili ziko sahihi. Anayeogopa kukata breka ya gatini anahitaji ya kwanza. Anayepanga ukubwa wa betri anahitaji ya pili. Mwenye koili moja tu aifunge ya kwanza, kwani ampea za gatini ndizo zenye adhabu ya papo hapo. Shelly EM, kwa kuwa ina njia mbili, inaweza kuchukua zote, mradi vyanzo vyote vinavyopimwa vilingane na volti ambazo mita inaziona.

Isifungwe kabla ya breka kuu. Waya kati ya soketi ya kuingizia umeme na breka hubaki na umeme muda wote kebo ikiwa imechomekwa, na haupaswi kuguswa na mkono unaorekebisha mita.

Waya wa laivu peke yake ndio upite tunduni. Laivu na nyutro zikipita pamoja mikondo yao hufutana na koili husoma sifuri, na ethi haina nafasi humo. Kufutana huko ndiko kunakotumiwa na kikata-umeme cha mvujo, cha miliampea 30, ambacho viwango vya ABYC vya Marekani na vya ISO vya boti ndogo vinakitambua kuwa kinga dhidi ya mvujo. Wapo wanaouliza kama koili hizi zinaweza kuifanya kazi hiyo. Haziwezi: miliampea 30 katika koili ya mizunguko 2,000 ni maikroampea 15, ishara inayozama katika kelele. Anayetaka kuona mvujo atumie mita ya klampu ya mvujo, aizungushie kebo nzima ya nchi kavu, na asome moja kwa moja.

Nyaya za volti za mita nazo zina mahali pake. Laivu na nyutro zake zote mbili zichukuliwe upande mmoja wa kikata-umeme cha mvujo, zote kabla au zote baada, kwa sababu laivu ikichukuliwa kabla na nyutro baada, mkondo wa mita yenyewe huonekana kuwa mvujo na kukifanya kikate bila sababu inayoeleweka. Fyuzi ya ampea 1 au pungufu iwekwe karibu na pale laivu inapochukuliwa, si karibu na mita. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, zisokotwe pamoja, na zitenganishwe na nyaya za betri.

Boti ya Marekani

Boti ndogo za Marekani hupokea volti 120 kwa ampea 30, nazo hupimwa kama ilivyoelezwa, isipokuwa laivu yake ni nyeusi na nyutro ni nyeupe, ilhali Ulaya laivu ni kahawia na nyutro ni buluu. Kubwa zaidi hupokea ampea 50 za volti 125/250, zenye laivu mbili, nyeusi na nyekundu, nyutro moja na ethi. Huko koili moja haitoshi. Kila laivu inataka koili yake na volti yake dhidi ya nyutro, kwa sababu upande mmoja unaweza kuvuta ampea 45 huku mwingine ukivuta 5, na anayesoma mmoja hataona breka ikikaribia kukatika. Nyutro haisaidii, kwani hubeba tofauti ya pande mbili. PZEM mbili, moja kwa kila laivu, zinafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Boti kama hiyo ikifika Mombasa au Zanzibar na kuunganishwa kupitia transfoma ya kushusha volti, ampea 20 ndani ya boti ya volti 120 zitakuwa takriban 10 upande wa gati la volti 230 au 240, na koili isomwe kwa kujua iko upande upi. Transfoma haibadilishi masafa: hezi hubaki 50. Koili ya hezi 60 hufanya kazi kwa hezi 50, ila hufika kushiba mapema kidogo.

Kuthibitisha

Kabla ya kugusa chochote, kebo ichomolewe upande wa gati kwanza, inveta izimwe kwa swichi yake, jenereta ifungwe isiweze kujiwasha, na paneli ipimwe kwa mita kuhakikisha haina umeme. Koili ikishabanwa, ganda lake lifungwe kwa tai ya plastiki kwenye waya ili mtikisiko wa injini usiifungue, na mshale ulio ubavuni uelekee kwenye mizigo. Mita inayoonyesha mwelekeo ikitoa wati hasi, mshale umegeuzwa. Geuza koili, si nyaya zake ndogo, ili fundi ajaye akute mshale unaosema kweli.

Jaribio litumie birika au kipasha maji, lakini si kwa kulinganisha na namba iliyoandikwa chini yake. Birika la wati 2,000 kwa volti 230 huvuta ampea 8.7, lakini mwisho wa gati refu volti zikishuka hadi 215, hutoa wati 1,748 tu, na mita iliyo sahihi itaonekana kukosea. Linganisha na mita ya klampu iliyobanwa kwenye waya ule ule, kwanza kwa birika, kisha kwa chaja peke yake ikiwa imeshuka hadi mkondo mdogo, kwa sababu hapo ndipo koili kubwa mno hujitangaza. Uwiano wa koili, idadi ya mara waya ulivyopita tunduni, na kama rezista iko ndani au nje, viandikwe kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa mlango wa paneli.